Inchi Nne za Joho

Kila siku nikitoka shule navua sare, nafagia nyuzi na vipande vya nguo chini ya cherehani, kisha nashika daftari. Mama yangu ni fundi wa nguo. Mtaa mzima humwita Fundi, hata baba humwita hivyo akitaka chai. Mama hupima, mimi huandika. Yeye hupitisha utepe na kutaja namba: kifua, kiuno, urefu. Siku ya kukata hampimi mtu tena, hufungua daftari na kukata kama lilivyoandikwa, kwa sababu mwandishi ni mtoto wake.

Mwaka huo binti wa mama mkubwa alikuja kukaa kwetu. Mama mkubwa ni muuguzi, alikuwa amehamishiwa kazi ya mbali, na hakutaka mtoto abadilishe shule kila mara. Nilimzidi umri kwa miezi mitano tu, lakini aliniita dada. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mimi sikupona, nilizidi kuugua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa sauti yake. Kwa miaka miwili mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya watoto kanisani. Jumamosi ya kwanza binti huyo alipofungua kinywa, mwalimu wa kwaya aliacha kupiga kinanda, akamwomba arudie. Jumamosi ya tatu wenzangu walikuwa wameshampa jina: Kinanda. Ya nne, mwalimu akatangaza kwamba siku ya kufungua kanisa jipya Kinanda ataimba beti zote tatu peke yake, sisi tuitikie. Akanishika bega, akasema anajua nitamsaidia. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na ndani nachemka.

Nyumbani ndiyo usiseme. Kinanda akiimba huku anaosha vyombo, mama alikuwa akipunguza mwendo wa cherehani amsikilize. Mimi nilipoimba, cherehani ilienda mbio zake zilezile. Nilimwonea wivu, sina neno jingine. Nilichukia hata alivyokunja shuka lake vizuri. Na mezani, baba alipotuambia tuombe, nilikuwa wa kwanza kufumba macho, ila sikuwa na la kumwambia Mungu.

Kanisa likampa mama kazi ya kushona majoho kumi na mawili ya kwaya. Kitambaa kilikuwa cha zambarau, na mwenye duka alisema ndicho cha mwisho. Watoto wakaja kwetu, wakapanga mstari. Zamu ya Kinanda ilipofika, mama alimzungushia utepe, akasema, "Kifua, thelathini."

Nikaandika ishirini na sita.

Nisiseme uongo, nilijua ninachofanya. Mwalimu wa kwaya alikuwa na sheria yake: asiye na joho hasimami mbele. Joho likimkataa, wimbo utarudi kwa mwenyewe. Langu nilikuwa nimembembeleza mama alishone kwa marinda mapana, kama mtu anayejua atatazamwa.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, watoto walikuja kujaribu; kanisa jipya lingefunguliwa Jumapili. Joho la Kinanda lilipita kichwani, lilipofika kifuani likagoma. Wawili wakacheka. Mama akachukua utepe, akapima: thelathini. Akafungua daftari, akatazama, akakaa. Nilingoja anigeukie, lakini hakunigeukia. Alisema polepole kwamba labda uzee umeanza, sasa anapima namba hii na kutaja ile. Akasema baada ya ibada atamwambia mwalimu kazi za kanisa wampe fundi mwingine, maana fundi asiyeamini mdomo wake atawaharibia watu vitambaa.

"Si wewe, mama mdogo," Kinanda akasema. "Mimi nimenenepa. Nitapungua kabla ya Jumapili."

Mama akamwambia hakuna anayenenepa inchi nne kwa wiki mbili. Lakini Kinanda alishikilia lake. Jioni ile alisema ameshiba. Asubuhi akanywa maji matupu. Alhamisi jioni alisema tumbo linamsumbua, akasogeza sahani yake kwa baba. Ijumaa tulipokuwa tukirudi kutoka shule alisimama njiani, akashika ukuta, akasema ni jua tu. Nikajua si jua.

Tulipofika, nilimfuata chumbani kuchukua ufagio. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mgongo kwangu.

"Mungu, nipunguze kidogo tu, mama mdogo asiaibike," alikuwa akisema. "Na dada anipende kama zamani. Siku hizi ananinunia, na sijui nimemkosea nini."

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka uani. Aibu ilinishika nikakosa pa kuiweka. Mimi namtakia aanguke, yeye ananitaja mbele za Mungu kwa wema. Nikafumba macho, na safari hii nilikuwa na la kusema. Nikamwambia Mungu kwamba namwonea ndugu yangu wivu, kwamba nimemdanganya mama, na kwamba wivu huu nimejaribu kuumeza haumezeki, auondoe Yeye. Sikusikia sauti yoyote. Bado niliogopa. Lakini miguu ilikwenda yenyewe hadi kwenye cherehani.

Nilimweleza mama yote. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Siku tatu hizi," alisema, "nimeogopa kushika mkasi wangu mwenyewe."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alimwita Kinanda, akaniamuru niseme tena mbele yake. Nikasema, macho chini. Kinanda alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sijanenepa?"

"Hujanenepa. Nisamehe."

"Basi naweza kula?"

Akaanza kulia, nami nikalia kumzidi. Akanisamehe hapo hapo huku anajifuta pua, lakini mama alisema msamaha utangoja, chakula kwanza. Kinanda alikula sahani mbili.

Kitambaa cha zambarau hakikuwapo dukani wala kwetu. Mama alilitazama joho langu ukutani. Nikalishusha. Nilikaa chini nikayafumua marinda kwa mkono wangu, mshono kwa mshono, na mama akayakata vipande viwili vya kuongezea pembeni. Joho la Kinanda likatosha. Langu likabaki gofu, lisilovalika.

Jumapili nilikaa kwenye benchi karibu na mama, nimevaa gauni la kila siku. Kinanda akaanza kuimba, na kanisa lote likamgeukia. Wivu ukaja palepale, kana kwamba sikuwahi kuungama. Nilibana mikono yangu, nikaomba asikosee hata neno moja. Hakukosea.

Njiani kurudi, mama aliniuliza kama wivu umekwisha. Nikamwambia la, watu walipompongeza uliniuma.

"Afadhali umesema kweli," mama akasema. "Utakuja tena, mwanangu. Ukija, usiufiche ukakua, wala usiupe mkono wako ukufanyie kazi. Mwambie Mungu ulivyo, kisha mwombee mema yule unayemwonea wivu. Huwezi kumwombea mtu mema kila siku na bado ukamtakia mabaya. Kimoja lazima kishindwe, na Mungu hashindwi."

Jumatatu wivu ulikuja, pale mwalimu mkuu alipomsifu Kinanda mbele ya shule nzima. Nikamwombea, nimenuna. Jumanne nikamwombea, nimenuna kidogo. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi, lakini asubuhi moja nilimwomba Mungu amwongezee ndugu yangu sauti nzuri kuliko aliyonayo, na nilipofumbua macho niligundua kwamba nilitaka hivyo kweli.