Ulimi wa Tundu la Kumi

Mjomba wangu alikuwa fundi wa vinanda vya mdomo, vile vidogo vya kupuliza na kuvuta vinavyokaa mfukoni. Tulipanga chumba kimoja cha kazi: mimi na cherehani yangu upande wa dirisha, yeye na tupa zake upande wa ukuta. Wateja walimwita Fundi Masikio, na si kwa usikivu wake tu. Alikuwa na masikio makubwa kwelikweli. Kinanda cha dukani, alizoea kusema, kimewekewa sauti za watu wa dukani, na nyimbo za wazee wetu zina sauti zinazoangukia katikati. Basi wapigaji wa nyimbo za asili walimletea vinanda vyao, naye alivifungua na kuzikwangua zile ndimi nyembamba za shaba zilizomo ndani. Ukikwangua ncha, sauti inapanda. Ukikwangua shina, inashuka. Ukizidisha mkono, ulimi unakatika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mchana wa jua kali, nami nilikuwa napiga pindo sketi za shule, sketi arobaini, kila moja na ukaidi wake. Mjomba alikuwa hajalala tangu tumzike Bibi, mama yake. Miezi mitatu. Alisinzia dakika mbili akashtuka, akasinzia tena akashtuka. Bibi tulimuuguza watatu, mimi, Mama na Mjomba, kwa zamu, mwaka mzima na ushei, na alipoondoka sote tulikuwa hoi. Mimi na Mama tulilala kama magunia. Mjomba usingizi ulimkataa. Dawa za hospitali alimeza, wapi. Sasa mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na fundi wa tupa akitetemeka mikono, riziki imekwisha.

"Mpwa wangu," aliniambia, "najua kitakachonilaza. Ule wimbo wa Mama."

Wimbo huo tunaujua wote, maana Bibi alitubembeleza wote. Lakini hakuumaliza hata siku moja. Akifika mwisho, pale sikio linapongoja sauti moja tu ya kutua, alinyamaza, akaupiga ubao wa kitanda kwa kiganja, mara mbili, polepole. Hapo mtoto huwa keshalala.

Mjomba aliharibu vinanda vitatu akiutafuta. Cha nne kikakubali. Kilibaki kile kipande cha mwisho.

"Nakiweka kwenye tundu la kumi," alisema. "Sauti ya kuvuta. Mimi siachi kazi nusu."

Mama alikuwa ndiyo kwanza ameingia na chakula chetu cha mchana. Aliweka bakuli chini.

"Mdogo wangu, mwisho usiuweke."

"Kwa nini, dada?"

"Mama alisema mwisho hauimbwi. Unaitikiwa."

"Na nani?"

Mama alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Hakusema. Na mimi sikutaka kujua."

Mjomba akacheka, akamwambia uchovu umempanda kichwani. Mama alipoondoka akarudi kwenye tupa. Baadaye kidogo nilisikia kitu kinalia tik, na Mjomba akasonya. Sikuinua kichwa, nilikuwa na sketi zangu. Alikaza skrubu, akaegemea kiti, akapiga.

Jamani, nililia. Ulikuwa wimbo wenyewe, na Bibi mwenyewe, na utoto wangu wote ndani ya kidude cha kutosha kiganjani. Ukafika mwisho, na ile sauti ya kutua ikaja, ya chini, yenye umajimaji kidogo. Mjomba akalala palepale kitini. Nilimfunika kwa kitambaa cha mteja, nikamshukuru Mungu.

Jumatano alilala kwa saa mbili. Alhamisi, kwa saa nne. Mikono ikatulia, rangi ikamrudia, akaanza tena kunitania kwamba nimezeeka kabla yake. Jambo moja tu lilinisumbua. Nikikiondoa kinanda mapajani mwake ili kisianguke, kilikuwa na joto, na yeye amelala tangu saa saba.

Ijumaa nilimtazama akipiga. Alifika mwisho. Akakishusha kinanda mapajani. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na macho pia.

Sauti ikaja.

Halafu meza yake ikapigwa. Mara mbili. Polepole.

Mikono yake yote ilikuwa mapajani.

Nilikaa muda mrefu mguu ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani, nisithubutu kukanyaga. Kisha nikaenda. Juu ya meza, kwenye vumbi la shaba, palikuwa na alama ya kiganja. Nilitaka kiwe cha Bibi. Lakini Bibi nilimwosha mikono mwaka mzima, na vidole vyake vilipinda vyote. Hivi vilinyooka. Vilikuwa virefu.

Nikaifuta ile alama kwa kitambaa. Sikumwambia mtu.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu alikuwa analala! Na kwa sababu, wimbo ule ukipigwa, na mimi nilikuwa napata lepe la usingizi juu ya cherehani, tamu kuliko la kitandani. Nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine.

Jumatatu Mjomba mwenyewe alisita. Alikigeuzageuza kinanda, akakiweka mezani.

"Leo nisipige," alisema. "Naona nimelala vya kutosha."

"Piga, Mjomba," nikamwambia. "Mara moja tu. Nipumzike."

Alinitazama, akatabasamu. Akapiga kwa ajili yangu.

Nilipoamka, jua lilikuwa bado dirishani. Nilimwita. Nikamtikisa. Kichwa kikaangukia begani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepumzika. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Kinanda ndani ya mkono huo kilikuwa cha moto.

Daktari alisema ni moyo. Mama hajaniuliza lolote mpaka leo.

Baada ya mazishi nilikwenda kukusanya vyombo vyake. Kwenye kizibo cha chupa nilikuta ulimi mmoja wa shaba, umekatika shinani, na chini yake karatasi yenye mwandiko wake, maana kila kazi aliiandikia: "Jumanne. Ulimi wa tundu la kumi umekatika, nitafute mwingine. Mpwa ananimalizia kwa mdomo. Sauti nzuri, sikujua."

Nilichukua bisibisi, nikakifungua kinanda. Mahali pa ulimi wa tundu la kumi palikuwa pamebaki uwazi mtupu. Nilipitisha ncha ya sindano, ikatokea upande wa pili.

Mimi sikuwahi kumwimbia Mjomba. Hata mara moja.

Tangu siku hiyo na mimi usingizi umenikataa. Leo siku ya kumi na tisa. Kinanda nimekifungia kwenye droo, chini ya zipu na vifungo, na kupiga sijui. Jana mchana nilikuwa nachora kola kwa chaki kwenye kitambaa cheusi, nikajikuta naimba kimoyomoyo, kisha kwa mdomo, wimbo wa Bibi. Niliposhtuka nilikuwa nimefika pale pa mwisho. Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Sauti ikatoka drooni.

Nililala kwa saa mbili, kichwa juu ya kitambaa. Niliamka mwepesi, mkono umetulia, sindano naitia uzi mara moja tu. Pembeni ya pale nilipolaza kichwa palikuwa na kiganja cha chaki, vidole virefu, vimenyooka. Nimekisugua kwa brashi, kwa maji, kwa sabuni. Kipo.

Sasa ni saa saba mchana. Nimechoka tena.