Perege wa Loisi na Chakula cha Madume

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua, Loisi wa kijiji cha Zuzu alikwenda bwawani kulisha perege wake. Asubuhi ile hakuja hata mmoja kugombea pumba. Wachache walikuwa wakielea, ubavuni vidonda, mapezi yamelika.

Mumewe, Yoramu, alimkumbusha makubaliano yao: samaki wakifa, bwawa linakuwa la kunyweshea ng'ombe. Bwawa lile Loisi alilichimba kwa jembe lake mwenyewe.

Akampigia simu Editha, afisa uvuvi. Editha alifika, akatoa shikamoo. Loisi akaitikia marahaba, halafu akampa lake la moyoni. Siku ya kuzindua bwawa wakubwa walikuja kupiga picha. Tangu hapo hajaonekana mtu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mahindi yale ya mwaka wa ukame. Aliyeleta mbegu hakurudi kuyaona yamekauka. Zuzu hawasahau.

"Mama, hapo umetushika," Editha akasema. "Sasa niambie, wanakula nini?"

Yoramu ndiye aliyeleta mfuko. Kilikuwa chakula chenye homoni ya kiume, cha kugeuza vifaranga wachanga wa samaki wawe madume, maana madume hukua haraka. Mchuuzi wa mnadani aliwauzia bila maelezo. Yoramu akaona kama kinaleta udume, basi na samaki wakubwa wapewe, tena wapewe kwa wingi. Kwani nguvu ya zizi si fahali?

"Baba, samaki si fahali," Editha akasema. "Homoni ni mjumbe wa mwili. Mwilini mwa samaki mna askari wanaopigana na vijidudu. Homoni ya kiume ikizidi, askari hao hupungua. Vijidudu vya majini vinaingia bila hodi."

Yoramu akautazama mfuko. "Kumbe nimewaotesha ndevu, nikawanyang'anya mikuki."

Editha akaeleza kwamba hata msimu wa kuzaa homoni hupanda zenyewe, na kinga huweza kushuka. Wakati huo samaki wasisumbuliwe kwa nyavu. Chakula kile ni cha vifaranga wachanga tu, kwa kipimo, mikononi mwa wataalamu.

Wakaacha kukitumia. Wagonjwa wakatengwa, waliokufa wakafukiwa mbali na maji. Maji machafu yakapunguzwa, safi yakaingizwa. Chakula kikawa pumba na mashudu ya alizeti tu.

Loisi hakuishia hapo. Siku ya mnada alisimama mbele ya meza ya mchuuzi, mfuko mkononi, akawaeleza wafugaji yote aliyoelezwa. Mchuuzi akakunja turubai lake mapema.

Mvua zilipokuja, perege walikuwa wakirukia pumba tena. Ng'ombe mmoja akasogea bwawani kunywa. Yoramu akamrudisha kwa fimbo.

"Toka hapo. Haya maji yana wenyewe."