Nyota za Kubahatisha

Asubuhi za Pucacancha, kijiji cha juu milimani, huanza na baridi inayouma masikio. Nélida Ccorahua, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa ameizoea. Aliamka mama yake alipoanza kupuliza moto wa tanuri, akanawa uso kwa maji yaliyoganda juu, akamvisha mdogo wake Abel sweta mbili, kisha akabeba kikapu cha mikate ya chapla mpaka kwenye kona ya soko. Mikate hiyo ya duara ilinunuliwa ikiwa moto, la sivyo haikununuliwa. Mama alipofika kushika biashara, Nélida alitia konzi ya mahindi ya kukaanga mfukoni na kufuata njia ya shule.

Baba yake alikuwa mbali, jijini Lima, akibeba zege kwenye maghorofa ya watu. Aliondoka mwaka ule barafu ilipounguza shamba lao lote la viazi, wakati Abel alikuwa bado anatambaa. Baba ambaye Abel alimjua ni yule wa kwenye kioo cha kishikwambi. Kila Jumamosi mkuu wa shule, Don Hilario, alifungua darasa moja ili wazazi waonane na watu wao wa mbali kwa mtandao wa shule. Abel alikibusu kioo mpaka kikalowa mate, na baba, huko aliko, alijifanya kupangusa shavu.

Mtandao huo ulitoka kwenye dishi jeupe lililofungwa juu ya paa. Uliletwa pamoja na vishikwambi vyenye programu ya kufundishia hesabu, na hakuna kilichokuwa zawadi. Kampuni moja ilivitoa kwa majaribio. Baada ya muhula, ofisi ya elimu ya mkoa ingetuma mtu kukagua kama programu ile inafundisha kweli. Ikionekana inafaa, vifaa vingebaki, na shule nyingine zingepewa. Isipofaa, kampuni ingechukua mali yake.

"Msifikiri mmeletewa vya kuchezea," Mwalimu Norma Allcca aliwaambia siku ya kwanza. "Ninyi ndio wapimaji. Kila mmoja ajiulize: hiki kitu kinanifundisha, au kinanifurahisha tu?"

Kuwafurahisha, kiliwafurahisha! Ndani ya programu alikaa lama wa katuni, yule mnyama wa milimani anayefanana na ngamia mdogo, mwenye skafu nyekundu. Ukijibu vizuri, alicheza ngoma na kukurushia nyota. Ukutani Mwalimu Norma alibandika majina, na nyota za kila mtu zikahesabiwa mbele ya macho ya wote.

Nélida ndiye aliyegundua ujanja. Kila swali lilikuwa na majibu ya kuchagua. Ukikosea, lama alitikisa kichwa akakupa nafasi nyingine. Ukikosea tena, alikuonyesha jibu mwenyewe, na nyota akakupa vilevile, eti kwa sababu umejitahidi. Hapakuwa na haja hata ya kusoma swali.

"Wee Yover, acha kujikuna kichwa," alimnong'oneza mwenzake wa dawati. "Bonyeza tu. Bonyeza, bonyeza, mwisho anakupa."

Yover Sulca alibonyeza, nyota ikaruka. "Loo! Huyu lama ana roho nzuri kuliko bibi yangu," alisema. "Bibi anakupa kofi kwanza, jibu baadaye."

Ujanja ukaenea darasani kama mafua. Mwalimu Norma, aliyekuwa akifundisha darasa la tano na la sita kwa zamu asubuhi ileile, alitazama nyota zikijaa ukutani akashusha pumzi. Jumamosi baba aliposikia kwamba binti yake ndiye anayeongoza, aliwaita wabeba zege wenzake waje kwenye simu. "Mnamwona? Huyu ndiye injinia wangu!" Nélida alicheka pamoja nao. Kisha akamsogeza Abel mbele ya kioo kabla baba hajauliza lolote kuhusu hesabu.

Wiki moja kabla ya ukaguzi, Mwalimu Norma aliwaambia waviweke vishikwambi pembeni. Aligawa karatasi, akaandika ubaoni: *Mama ana gunia la viazi. Ameuza nusu ya gunia, akapika theluthi ya gunia. Imebaki sehemu gani ya gunia?*

Hapakuwa na lama, wala majibu ya kuchagua. Nélida alijumlisha namba za juu, moja na moja, akapata mbili. Za chini, mbili na tatu, akapata tano. Mbili ya tano. Basi zimebaki tatu ya tano. Akatazama alichoandika. Gunia ambalo nusu yake imeshauzwa lingewezaje kubaki na zaidi ya nusu? Alifuta, akaandika upya, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Alipoinua macho aliwaona wenzake wanatazama dari, wanauma penseli, wanatazama milima dirishani. Hata Yover hakuwa na mzaha.

Hakuna aliyepata.

Mchana huo ilikuwa zamu ya Nélida kufagia baraza, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi.

"Karatasi hizo zitie kabatini, Mwalimu," Don Hilario alikuwa akisema. "Mkaguzi tutamwonyesha nyota."

"Watoto hawajui kitu, Don Hilario. Muhula mzima umepotea."

"Na dishi likiondoka? Utawaambia nini kina mama wa Jumamosi? Mke wangu mwenyewe hana njia nyingine ya kumwona mwanawe. Wewe sema, utawaambia nini?"

Mwalimu Norma alizitia karatasi kabatini. Alipotoka alimkuta Nélida amesimama na fagio.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Mwalimu alikaa juu ya ngazi ya baraza kama mtu aliyetembea kutwa. "Nyota zile zilinifumba macho hata mimi," alisema. "Sasa sijui nifanye nini, mwanangu."

Nélida alikuwa amezoea kuona mwalimu akikasirika. Mwalimu asiyejua la kufanya hakuwahi kumwona, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko adhabu.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye viatu vilivyojaa tope, aliyeitwa Mama Ludeña. Asubuhi ya siku ya ukaguzi Don Hilario alikuwa amewapanga wanafunzi mstarini. "Akiuliza, semeni mnajifunza vizuri na mnafurahi. Basi, msiongeze chumvi wala pilipili." Na kwa kuwa Nélida aliongoza kwa nyota, yeye ndiye aliyechaguliwa kuzungumza.

Mama Ludeña alizitazama nyota ukutani, akatabasamu. "Nimetoka shule tatu, na kila mahali ni nyota tupu! Mwakani programu hii itafika hadi vijiji vya juu kabisa. Huko hata mwalimu wa hesabu hatutamhitaji, atatosha msimamizi tu. Haya, binti, niambie, mmejifunza nini?"

Nélida alifungua mdomo. Maneno aliyofundishwa yalikuwa pale pale ulimini. Akilini alimwona Abel akibusu kioo. Kisha aliwaona watoto wa vijiji vya juu, ambao hawakuwahi kuwa na kitu, wakipewa lama badala ya mwalimu, wakibonyeza na kushangiliwa, na hakuna wa kuwaambia kwamba gunia halijumlishiki vile.

"Mama," alisema, "naomba nikuonyeshe."

Alichukua kishikwambi, akafungua somo la sehemu. Kisha akafumba macho. Akiwa amefumba hivyo, alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Muziki ukalia, lama akacheza. Akabonyeza tena. Nyota ikaruka, na nyingine, na nyingine. Kijimuziki kile kilisikika kama kelele msibani.

Nélida alifumbua macho yaliyojaa machozi. "Hivi ndivyo nilivyoongoza. Sijui hesabu za sehemu. Hakuna anayejua hapa. Mtihani wa karatasi tulianguka wote."

Mama Ludeña alimgeukia Mwalimu Norma. Mwalimu alikwenda kabatini, akatoa karatasi, akamkabidhi.

"Umetuua, mtoto," Don Hilario alimnong'oneza Nélida mlangoni. Hakusema kwa ukali. Aliyasema kama mtu aliyefiwa, na ndiyo maana yaliuma.

Siku chache baadaye watu wawili wa kampuni walikuja, wakapanda paani, wakafungua dishi, wakalifunga kwa blanketi na kulipakia garini pamoja na vishikwambi. Kina mama walisimama nje ya ua wakitazama.

"Ndiye huyo, binti wa Fortunata muuza mikate," mmoja alisema Nélida alipopita. "Mdomo wake umetunyang'anya watoto wetu."

Darasani Yover alihamia dawati jingine. "Sasa tubonyeze nini, nyota wetu? Ukuta?" Hakuna aliyecheka. Sokoni, wateja wengine wa mama walianza kupita upande wa pili wa barabara, na mikate ikalala kikapuni mpaka ikawa migumu.

Jumamosi, Nélida alipokuwa akichota maji, Abel alitoroka nyumbani. Dada yake alimkuta kwenye mlango wa darasa uliofungwa, akiugonga kwa viganja vyote viwili.

"Baba amekufa?" Abel aliuliza.

"Hajafa, Abel. Dishi ndilo limeondoka."

"Lirudishe."

Nélida alimbeba mgongoni akarudi naye nyumbani huku analia, na hakujificha. Mama alikuwa akikanda unga.

"Bora ningenyamaza, mama."

Mama aliugeuza unga, akaukanda tena. Nélida alingoja aambiwe kwamba alifanya vizuri. "Sijui, mwanangu," mama alisema hatimaye. "Mimi pia nilikuwa nikiisubiri Jumamosi."

Palibaki kilima cha nyuma ya makaburi, ambako simu ya mama ilishika mtandao upepo ulipopenda. Walipanda wote watatu. Nélida alimweleza baba kila kitu: lama, nyota, macho aliyofumba. Upepo ukavuma kwenye simu.

"Kwa hiyo zile nyota nilizowaonyesha wenzangu..." baba alisema.

"Baba, nisamehe."

Hakujua kama alisamehewa. Simu ilikatika, na ingawa mama aliinyoosha juu kila upande, haikushika tena siku ile.

Mwalimu Norma alianza upya kwa chaki. Hakuwa na kitu kingine. Baada ya masomo aliwabakiza darasa la sita, mikono imekufa ganzi kwa baridi, na mara nyingi walikwenda nyumbani hawajaelewa. Siku moja Nélida aliweka mezani mikate iliyolala. "Haitanunuliwa hii, Mwalimu. Labda itafaa kukatwa kufundishia sehemu."

Mwalimu aliukata mkate mmoja vipande sita vilivyolingana. "Nusu ya mkate ni vipande vingapi?"

"Vitatu!"

"Theluthi yake?"

Yover alihesabu vipande kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Viwili?"

"Toeni vyote hivyo."

Kipande kimoja kikabaki. Nélida alikitazama muda mrefu. Hakuna muziki uliolia, wala hakuna aliyecheza, lakini kitu kilifunguka kichwani mwake. "Moja ya sita," alisema. "Tunakata kwanza vipande vilingane, ndipo tunahesabu! Mimi nilikuwa najumlisha visivyolingana."

"Na hiyo moja ya sita ni yangu," Yover alisema, akaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kama jiwe, akaitafuna akikunja uso, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi darasa lilicheka. Siku iliyofuata alirudi dawati lake la zamani bila kueleza kitu.

Mtihani uliporudiwa, wengi walipata, na wachache wakabaki nyuma. Hao Mwalimu aliendelea kuwabakiza.

Baada ya likizo, Mama Ludeña alirudi na kishikwambi kimoja ndani ya begi. Alisimama mbele ya darasa la sita.

"Nilipotoka hapa nilizirudia shule zote zenye nyota," alisema. "Safari hii nilibeba karatasi na penseli. Nilikuta yaleyale. Programu ile haitakwenda vijijini, na walimu wa huko watabaki. Dishi lenu nimeliombea kila ofisi. Nimekataliwa. Sitawadanganya, sina tumaini nalo kwa sasa."

Nélida aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiambia kwamba hatumaini, kumbe alikuwa anatumaini.

"Nimeletewa programu nyingine, hii haihitaji mtandao," Mama Ludeña aliendelea. "Wakubwa ofisini wanaisifu. Lakini kabla sijaandika neno, nataka wewe, binti uliyefumba macho, uijaribu. Itafutie kila udhaifu."

Nélida alikaa na kishikwambi. Hiki kilitaka uandike mwenyewe njia ya hesabu. Alikijaribu kwa majibu ya kubahatisha, kikakataa. Alijaribu kunakili swali, kikakataa. Kisha aliandika mstari mrefu wa tarakimu zisizo na maana, na alama ya tiki ikatokea.

"Hapa, mama. Ukiandika tarakimu nyingi kinadhani umefikiri."

Mama Ludeña alicheka kwa uchovu, akakirudisha kwenye begi. "Basi nacho hakijaiva. Nitawarudishia wenyewe wakirekebishe."

"Kwa hiyo tumebaki mikono mitupu tena?" Yover aliuliza.

Mwalimu Norma alikuja akasimama karibu na dawati la Nélida, akaweka mkono begani mwake. Nje, upepo ulikuwa ukipita juu ya paa tupu.

"Ndiyo, mikono mitupu," alisema. "Ukweli wa Nélida umetugharimu, na anayesema haukuuma hajakaa Pucacancha. Lakini sikilizeni. Mtu akikuuliza kama kifaa kinafaa, anakuuliza kwa niaba ya watoto usiowajua, watakaokitumia baada yako. Ukimdanganya, unawaibia hao, na wewe mwenyewe unajiibia bila kujua umeibiwa nini. Sifa usiyoistahili haikufundishi kitu. Afadhali kujua kwamba hujui. Kutoka hapo mtu anaweza kuanza."

Kisha akachukua chaki, akaandika hesabu mpya ubaoni, ngumu kuliko za jana, na Nélida akainama kuisoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho.