Idadi ya Watoto

Taulo dogo la pili lilikuwa limelowa, na hakuna mtu aliyelitumia.

Mama Pacha alilishika, akalinusa. Lilikuwa vuguvugu, linanuka maziwa yaliyochacha, ile harufu ya mikunjo ya shingo ya mtoto mchanga, pale maziwa yanapochuruzika mama asione. Akamtazama mwanawe. Mkubwa alikuwa amelala vilevile na nguo zake za safari, hajaogeshwa bado. Akajiambia ni wahudumu hao, wameleta taulo bichi, basi. Akalianika dirishani.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza kwenye spa ya chemchemi.

Kuja kwenyewe kulikuwa na mabishano. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Mdogo, pacha wa Mkubwa, afariki kwa homa ya siku mbili tu, na tangu hapo Mama Pacha alikuwa hali, halali, anakamua titi la kushoto na kumwaga, kwa sababu hilo lilikuwa la Mdogo na Mkubwa hakulitaka. Mumewe akasema aende mahali akapumzike. Wifi yake akaja na simu, wakakaa jikoni kuchagua. Kulikuwa na spa ya mjini, ya kusuguliwa uso kwa asali huku wanawake wanapiga soga. Kulikuwa na ya tope, unafukiwa mpaka shingoni, na wifi akatania kwamba yeye atazikwa siku yake ikifika, hana haraka, halafu akajisikia alichosema, akaendelea kupekua picha bila kuinua macho. Mwisho ikaja ya chemchemi ya maji moto, mlimani, kimya, ina vyumba vya kulala na watoto wanapokelewa.

"Nenda ya mjini," wifi alimwambia. "Mwenye msiba hapelekwi kwenye kimya, wifi yangu. Kimya kitakutafuna."

"Ya mjini hawataki watoto."

"Si uniachie Mkubwa? Siku mbili tu, sitamla."

Mama Pacha alimvuta mtoto kifuani, na wifi akajua hapo maneno yamekwisha.

Mapokezi walimpa fomu ya kujaza. Unaumwa wapi, unapenda mkono mzito au mwepesi, mafuta gani yanakudhuru. Idadi ya watoto. Mkono wake, uliozoea fomu za kliniki, ukaandika wawili. Akaliona kosa papo hapo. Kalamu ilikuwa bado mkononi, kukata neno moja kulikuwa kazi gani? Hakulikata. Kwenye karatasi moja tu, mahali ambapo hakuna anayemjua, alitaka awe na watoto wawili. Binti wa mapokezi hakuuliza. Akaagiza mataulo madogo mawili, mabeseni mawili, na vitanda viwili vya watoto.

Asubuhi ya siku ya pili shuka la kitanda kile kingine lilikuwa limebonyea katikati, na palipobonyea palikuwa na joto. Mkubwa hakutaka kunyonya. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la mama yake, anatazama tu, hacheki, halii. Na titi la kushoto, ambalo kila asubuhi lilimuamsha kwa kuuma, lilikuwa tupu.

Mchana alijilaza ubavu baada ya kukandwa, Mkubwa pembeni yake, mvuke unaingia kwa chini ya mlango wa bafu, na huko bafuni akasikia maji yanapigwa kwenye beseni, chapa, chapa, kama kiganja kidogo kinachocheza, kisha kimya, kisha godoro likazama kidogo upande wake wa kushoto, na mdomo wa moto ukamshika titi na kuvuta kwa ule mvuto wa Mdogo, mara tatu na kupumzika, mara tatu na kupumzika, na yeye akafumba macho kwa nguvu zote na hakupiga kelele, kwa sababu alijua akiyafumbua atamkuta si yeye, na alikuwa radhi kulala hivyo mpaka kiama, mpaka mkono wake mwingine ulipomgusa Mkubwa ukamkuta wa baridi.

Akafumbua macho. Kushoto hapakuwa na mtu. Midomo ya Mkubwa ilikuwa rangi ya majivu.

Alimbeba mbio mpaka kwa mkandaji, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anakunja shuka. Yule mama alimnusa mtoto utosini, akafunga mlango.

"Uliandika wangapi?" aliuliza, sauti chini.

Mama Pacha akamwambia.

"Maji haya yana wenyewe, mwanangu. Nafasi ukiitandika, mmoja wao anakuja kulala. Na akishashiba kwako anamgeukia huyu aliye hai, anamla uhai."

"Ananyonya kama yeye. Kabisa kama yeye."

"Amejifunza kwako. Wewe ndiye unayemkumbuka." Akamfuta machozi kwa ncha ya shuka. "Nenda ukalikate lile neno kwa mkono wako mwenyewe, utoke usigeuke. Atakuita. Usiitike. Ukiitika umempokea."

Karatasi zote za msiba alijaza mumewe. Yeye hakuwahi kuandika popote kwamba amebaki na mmoja. Pale mapokezi akakata wawili, na juu yake, polepole, akaandika mmoja. Mkubwa akavuta pumzi, akaangua kilio.

Akatembea. Nyuma yake, kwenye vigae vya ukumbi, viganja vilivyolowa vikaanza kumfuata, chap, chap, mwendo wa mtoto anayetambaa, na Mdogo alikufa hajajua kutambaa, na mvuke ukampita miguuni na ile harufu ya maziwa ikamjaa puani mpaka akaionja kooni, na mlango ulikuwa hatua sita, tano, alipoisikia sauti nyembamba, nzuri, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia hapa duniani, ikisema:

"Mama."

Aliuma mtandio wake, akatoka.

Mkubwa sasa anaongea, anaita kutwa nzima. Wifi anamlaumu, mtoto anaita mpaka sauti inamkauka, mama gani huyu asiyeitika? Yeye haitiki sauti tupu. Huacha anachofanya, akaenda mpaka auone uso wa mwanawe, aone midomo inavyocheza, ndipo aseme, "Abee, mwanangu."

Na kuna siku anafika mlangoni anamkuta Mkubwa amelala fofofo, mdomo umefumbwa. Siku hizo hukaa hapohapo chini, ngumi mdomoni, mpaka anayeita achoke.