Mama Dobi Achagua Kitabu

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Mama Dobi hufanya kazi anayoipenda kuliko zote. Hupekua mifuko ya watu.

Usimfikirie vibaya. Yeye na mumewe ni madobi. Nguo haiingii kwenye maji kabla mifuko haijapekuliwa, maana kalamu moja iliyosahaulika inaweza kuwapaka wino watu wa mtaa mzima. Kila anachokipata hukiweka kwenye bakuli, amrudishie mwenyewe. Lakini kabla ya kukiweka, lazima akichunguze.

"Baba Dobi, njoo uone," alisema siku moja. "Shati la fundi saa lina tiketi za sinema. Mbili."

"Sasa?"

"Sasa! Mtu anaishi peke yake. Tiketi mbili za nini?"

"Labda alikalia viti viwili. Si unaujua mwili wake?"

"Huyu anaoa. Kumbuka maneno yangu."

Na kweli, haukupita muda, fundi saa akaoa.

Mama Dobi alikuwa na akili ya namna hiyo, ila shule ilimpita utotoni. Ukubwani alijiunga na darasa la kisomo, jioni, nyuma ya soko. Alianza na irabu. Akamaliza kwa kuandika barua nzima kwa mkono wake. Siku aliyopewa cheti, Baba Dobi alifurahi mpaka akakipiga pasi hicho cheti, kisije kikakunjamana.

"Mke wangu," alisema, "sasa wewe ni msomaji. Msomaji lazima awe na kitabu."

Akaenda kwa wauza vitabu vya mitumba. Yeye alisoma shule, lakini kitabu chake cha mwisho alikifungua kwa ajili ya mtihani, na tangu hapo yeye na vitabu hawasalimiani. Kwa hiyo alichagua kitabu kama mtu achaguavyo blanketi. Alikipima kwa mkono. Chepesi, akakirudisha. Kizito, akakikumbatia.

"Hiki hapa," alisema alipofika nyumbani. "Kitabu kinene hivi hakikosi mambo."

Kilikuwa kitabu cha kanuni za bandari na ushuru wa forodha. Na mji wao hauna bahari. Hauna hata ziwa. Una bomba tu, nalo hutoa maji likipenda.

Mama Dobi alianza kusoma kwa moyo wote. "Mwenye shehena atawasilisha hati ya shehena kwa mujibu wa kifungu kidogo cha..." Akarudia. Akarudia tena. Jasho likamtoka. Kesho yake akaanza upya, maana mwanzo alishausahau. Mwezi ukaisha, yeye bado yuko bandarini na meli haijang'oa nanga.

"Mama, si ukiache usome kingine," binti yake, aliyekuwa sekondari, alimwambia.

"Nikiache? Kitabu ukishakianza, unakimaliza. Chakula ukishapakua, si unamaliza?"

"Hata kikiwa kibichi?"

"Toka hapa!"

Basi hakukiacha. Lakini hakukisoma pia. Na kwa kuwa hakukimaliza, hakuthubutu kuanza kingine. Akakaa hivyo, bila kusoma chochote, mpaka mambo yakaanza kuharibika.

Siku moja mteja alibandika karatasi kwenye gauni: lisianikwe juani. Mama Dobi akaitazama. Zamani angeisoma mara moja. Sasa herufi zilimjia moja moja, na kila moja ilipofika, ile ya kabla yake ilikuwa imeshaondoka. Mwisho akamwita binti yake amsomee.

Jioni ile alichukua kitabu cha bandari, akakilaza juu ya suruali ya mteja mmoja, karani, ili kishikilie mstari wa pasi.

"Kumbe kina faida," alisema. "Mume wangu, tukubali tu. Kichwa changu ni sufuria. Kisomo kimeniponyoka. Nitarudi kwenye sahihi ya dole gumba, na wala sitakufa."

Alicheka. Lakini Baba Dobi alimwona akijifuta macho kwa kola ya shati la mteja. Na shati lenyewe lilikuwa limeshafuliwa.

Katika ua huohuo aliishi Mkutubi, dada mmoja mcheshi aliyefanya kazi kwenye maktaba ya mtaa. Alikuja kuchukua nguo zake za kazi. Akakiona kitabu juu ya suruali. Akainamisha kichwa, akasoma jina lake.

"Dada, nani anasoma hiki?"

"Suruali," Mama Dobi alijibu.

Mkutubi alicheka mpaka akajikuta ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. "Na nani amekinunua?"

Baba Dobi ghafla alikuwa na shughuli nyingi na makaa ya pasi.

"Shemeji, ni wewe?"

"Kilikuwa kinene," alijitetea.

"Hata tairi ni nene, shemeji. Ungemletea tairi asome?"

Kisha Mkutubi akamgeukia Mama Dobi. "Dada, nisikilize. Hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wa bandarini. Hata wao hawakisomi mwanzo hadi mwisho. Wanatafuta kifungu wanachokihitaji, wanafunga. Mimi kazi yangu ni vitabu, na hiki sikiwezi. Shida si kichwa chako. Shida ni hiki kitabu."

"Lakini nilishakianza."

"Kiache."

"Hivihivi?"

"Hivihivi. Ukijaribu kiatu kikakubana, unakivua, au unatembea nacho mpaka soli iishe?"

"Nakivua."

"Basi na kitabu kinavuliwa. Mwandishi hatakuja kukushtaki."

Mama Dobi akakiinua kitabu kutoka kwenye suruali. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. "Na nitajuaje kinachonitosha?"

Mkutubi akainua mkono wake, vidole vimesimama. "Fungua ukurasa wa katikati, usome. Kila neno usilolijua, kunja kidole kimoja. Ukifika mwisho wa ukurasa umekunja kimoja au viwili, kitabu ni chako. Mkono wote ukiwa ngumi, kirudishe. Si kwamba ni kibaya. Kinasubiri siku yako."

Mama Dobi alijaribu palepale na kitabu cha bandari. "Nimeshakunja vyote," alisema, "na sijafika hata kwenye nukta!"

"Umeshapata ngumi. Mpige nayo shemeji."

"Nyie!" Baba Dobi akasogea nyuma ya meza.

"Hiyo ni nusu ya kazi," Mkutubi aliendelea. "Nusu nyingine ni kupenda. Kitabu cha kujifurahisha hakisomwi kama dawa. Dada, wewe unapenda habari gani?"

"Mimi? Habari za vitabuni sizijui. Mimi mifuko ya watu inanitosha."

"Asubuhi nzima anauliza ufunguo ni wa mlango gani," binti yake alidakia. "Hatupumui."

Mkutubi akapiga makofi. "Kumbe! Dada, wewe ni mpenzi wa hadithi za upelelezi. Ni vile tu hujawahi kukutana nazo. Kesho njoo maktaba."

Kesho yake Mama Dobi alikwenda. Mlangoni nusura avue viatu. Mkutubi akamwonyesha jinsi rafu zilivyopangwa, kisha akampa kitabu chembamba. Ndani yake, mkufu umeibiwa katika nyumba ya wageni. Kila mgeni anasema alikuwa amelala. Mama Dobi akafungua katikati, akasoma, midomo ikicheza. Akakunja kidole kimoja. Akakunja cha pili. Ukurasa ukaisha.

"Viwili!" alisema kwa sauti iliyowashtua wasomaji wengine. Kisha akanong'ona, "Sasa kama wote walikuwa wamelala, nani alifungua dirisha?"

"Sikuambii."

"Lakini unajua!"

"Najua sana."

"Mdogo wangu, una roho mbaya."

"Soma, dada."

Akasoma. Alisoma akingoja ndoo ijae. Alisoma nguo zikiloweka. Na hapo ndipo alipokosea, maana alisoma pia huku anapiga pasi.

Nguo yenyewe ilikuwa suruali ya Baba Dobi, ile ya kutokea. Kitabu alikiegemeza kwenye kopo la maji. Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa amekutwa na ufunguo ndani ya unga. Mama Dobi akasimama kufikiri. Pasi nayo ikasimama.

"Mama! Kuna kitu kinaungua!" binti yake alipiga kelele.

Suruali ilikuwa imepata dirisha, tena upande wa nyuma, mahali ambapo suruali ya mtu mzima haihitaji dirisha.

Baba Dobi aliishika kwa vidole viwili. "Angalau kanuni za bandari hazijawahi kuunguza nguo ya mtu," alisema. Lakini safari hii hakuwa anatania. "Mke wangu, sisi tunakula kwa pasi. Leo ni suruali yangu. Kesho itakuwa ya mteja, na tutafunga kazi. Chagua. Pasi au kitabu."

Mama Dobi akafunga kitabu. Akakiweka juu ya kabati, mbali.

"Pasi," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakirudisha kesho." Na mwizi wa mkufu alikuwa bado hajamjua.

Kuta za ua ule zilikuwa nyembamba. Mkutubi akafika hata kabla moshi haujaisha.

"Shemeji, pole na suruali. Dada, kosa ni lako. Pasi ikiwa mkononi, macho yawe kwenye nguo. Hapo sikutetei."

"Ni kweli," Mama Dobi akakubali.

"Lakini shemeji, na mimi nikuulize. Leo asubuhi kuna mteja alileta koti lenye karatasi ya maelekezo. Nani aliisoma?"

Baba Dobi akakuna shingo. "Yeye."

"Alimwita mtu amsaidie?"

"Hapana. Aliisoma huku anatembea."

"Umeona? Kisomo hukaa kwa mtu anayesoma kila siku. Na mtu husoma kila siku kile anachokipenda. Ukimnyima hiki kitabu, anarudi kwenye dole gumba. Unataka hivyo?"

Baba Dobi alikitazama cheti ukutani, bado kimenyooka. "Sitaki. Lakini nguo?"

"Nyinyi ni wawili. Mmoja apige pasi, mwingine asome kwa sauti. Halafu mnabadilishana."

"Mimi nisomewe hadithi? Mzee mzima?"

"Si unasikiliza mpira redioni na kumfokea refa asiyekusikia?"

Binti yao akaangua kicheko. Baba Dobi akaona hana njia. "Haya. Ukurasa mmoja tu, nimjue aliyeniunguzia suruali."

Mama Dobi akakishusha kitabu. Akaketi kwenye kigoda, kidole chini ya mstari. Alianza polepole. Neno likimpa taabu, alilikata vipande, akaliunganisha, akaendelea. Pasi ilipita kwenye kola, ikapita kwenye mikono ya shati. Ukurasa ukaisha. Akaishia hapo.

Baba Dobi akaligeuza shati upande wa pili. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Yule mpishi. Ufunguo aliupata wapi?"

"Ulisema ukurasa mmoja."

"Nimeuliza tu."

"Labda ukurasa wa pili unajua."

"Sasa si ugeuze! Unangoja nini?"

Akageuza. Waliendelea mpaka kapu la nguo likaisha, na Baba Dobi akatafuta kama kuna shati lolote lililosahaulika.

"Maswali yatakuja mwisho?" aliuliza.

"Maswali gani?"

"Ya mtihani."

"Hakuna mtihani, baba watoto. Tunasoma tu."

Baba Dobi akaiweka pasi kwenye kigae chake. Miaka yote hiyo aliamini kwamba nyuma ya kila kitabu amejificha msimamizi wa mtihani. "Hakuna mtihani!" alisema. "Mbona shuleni hawakutuambia?"

Kitabu walikimaliza. Mwizi simtaji, nisije nikakuharibia. Mama Dobi alikirudisha akiwa amenuna. "Kimeisha," alilalamika. "Sasa nifanyeje?"

"Tazama jaladani," Mkutubi alimwambia. "Hili ni jina la mwandishi. Aliyekufurahisha mara moja, huenda akakufurahisha tena. Ana vitabu vingine, vimepangwa hapa pamoja."

Tangu siku hiyo Mama Dobi alimjua mwandishi yule na kumpa jina la utani, Mnyimi, kwa sababu humnyima msomaji jibu mpaka mwisho. "Nipe Mnyimi mwingine," huwa anasema, na maktaba nzima inamwelewa.

Baba Dobi yeye alimchoka Mnyimi mapema. Akagundua kwamba anapenda vitabu vya safari, mtu apotee jangwani, aishiwe maji, aibiwe ngamia.

"Huyo mtu wako anatembea tu," Mama Dobi alimsema.

"Na wako wanaongopa tu."

Wakagawana zamu. Wateja nao walianza kuleta nguo saa za kusoma, wakidai wanapumzika kidogo kivulini. Karani alikuwa akipewa suruali yake na haondoki mpaka sura iishe. Na tangu mpango ule uanze, haijaungua nguo hata moja.

Wiki iliyopita Mnyimi wote waliokuwa kwenye rafu walikuwa wameazimwa. Mkutubi akamletea Mama Dobi kitabu kingine, amekishika kwa mikono miwili.

Mama Dobi akaketi kwenye benchi. Akafungua katikati. Hakukunja kidole hata kimoja. Akarudi mwanzo, akasoma ukurasa, na mwingine, na mwingine tena. Halafu akakifunga.

"Maneno yote nayajua," alisema. "Ila huyu mtu wake ananichosha. Kurasa zote hizi bado anatazama mvua dirishani. Hapana, mdogo wangu. Nakivua."

Mkutubi akashika kifua. "Dada! Hicho ndicho kitabu ninachokipenda kuliko vyote duniani! Ukifika sura ya tatu tu, mvua inakatika, halafu..."

"Basi kisome wewe."

Akamrudishia. Akaenda mwenyewe kwenye rafu, akapitisha kidole migongoni mwa vitabu, taratibu, kama anapekua mifuko. Akachomoa kimoja. Akakifungua, akaanza kusoma akiwa amesimama. Mkutubi akamwita, "Dada." Akamwita tena.

Hakusikia.