Mtungi wa Odera

Ochola, rafiki yangu fundi wa kuchomelea vyuma pale Lodwar, si mtu wa porojo. Mwaka 2012 ndugu yake Odera, mpiga mbizi, alizama ziwani. Mwili haukupatikana. Wavuvi wa Kalokol walinasa tu mtungi wake wa hewa, chuma kitupu kilicholiwa na kutu.

Nasike, mjane wa Odera, alitaka mtungi urekebishwe, ubaki mzima nyumbani. Kanisa moja la Kakuma nalo liliuomba ukatwe, utundikwe uwe kengele.

"Shemeji, hatuna kaburi," Nasike alimsihi. "Tuna huu tu."

"Ndiyo maana nataka asikike mahali," Ochola akajibu.

Jioni hiyo upepo wa vumbi ulikuwa umewafungia ndani ya karakana. Ochola akafungua valvu, koki ya mtungi, kutoa hewa iliyosalia, kama mafundi wafanyavyo kabla ya kukata. Haikutoka hata kidogo. Akawasha grinda ya kukatia chuma.

Stima zikapotea. Grinda ikazunguka, ikapoa, ikanyamaza. Gizani, valvu ikatoa pumzi ndefu, ikatulia, kisha ikavuta ndani.

Nasike akapapasa, akaweka kiganja mdomoni mwa mtungi.

"Shemeji," akanong'ona, "pumzi ina joto."