Noela Agoma Jikoni

Kila jioni, taarifa ya habari ilipokwisha na tamthilia kuanza, nyumba ya akina Noela pale Goba ilijaa vicheko. Baba alikaa kwenye kochi amenyoosha miguu, nywele bado zina vumbi la mpingo, maana kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago. Erasmo, mtoto wa kwanza, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, alilala kifudifudi juu ya zulia akiwa na rimoti mkononi. Mama na Noela walikuwa jikoni.

Noela alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tamthilia ile aliijua kwa masikio tu. Akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, alimsikia mwanamke akilia, kisha mlango ukibamizwa, kisha Erasmo akipiga mluzi.

"Kaka, nani analia?" aliuliza kwa sauti.

"Njoo uone mwenyewe!"

Angeendaje? Nazi ingejikuna? Tena kabla hajakaa vizuri, Erasmo huyohuyo aliita: "Noela, niletee maji!" Maji yenyewe yalikuwa kwenye friji, na friji ilikuwa palepale sebuleni, karibu kabisa na kichwa cha Erasmo. Mtu mzima wa afya, mwenye miguu yote miwili, anaagiza maji kutoka jikoni! Noela alimpelekea, lakini siku hizi alikuwa akiiweka ile glasi chini kwa kishindo.

Familia hii ilikuwa na desturi yake. Siku ya Nane Nane, wengine wanapokwenda kwenye maonyesho ya wakulima, wao walikwenda ufukweni Kunduchi na chakula chao cha nyumbani. Kulikuwa na wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga, kachumbari, na ming'oko, vile viazi pori vyembamba ambavyo Bibi huwatumia kwa basi kutoka Newala. Mama akifungua tu vyombo, watu wa mikeka ya jirani waligeuza shingo. Noela alikipenda chakula hicho kuliko cha hoteli yoyote inayoonyeshwa kwenye televisheni.

Tatizo ni kwamba yeye na Mama waliamka kabla ya jogoo ili kukipika. Walipofika ufukweni, wenzao walikimbilia majini, naye akabaki kuwafukuza kunguru, kupakua, na kukusanya sahani. Bahari aliijua mpaka kwenye vifundo vya miguu, tena wakati wa kusuuza vyombo. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: aingie majini mpaka kiunoni, Baba amfundishe kuelea.

Jumapili moja kabla ya Nane Nane, Shangazi Demetria, dada yake Baba, alikuja na mwanawe mdogo, Lulu, ili wapange safari. Mama alikuwa sebuleni akichambua mchele kwenye ungo.

"Hakuna la kupanga," alisema Shangazi. "Noela na mama yake wataamka mapema kama kawaida, sie wengine tutabeba mikeka."

Noela alitoka jikoni, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Mie sipiki," alisema.

Baba alichukua rimoti akazima sauti ya televisheni.

"Unasemaje wewe?" Shangazi aliuliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo yako niliitikia tangu asubuhi. Nimeuliza, unasemaje?"

"Sipiki peke yangu na Mama," Noela alisema. "Kila atakayekula apike kitu kimoja, na aliyepika ndiye apakue. Kama hamtaki, mie nitakula mkate wangu mkavu, nyie mtajua wenyewe."

"Wifi, unamsikia mwanao?"

"Namsikia, wifi," Mama alijibu, akaendelea kuchambua mchele. Hakumkaripia binti yake.

Noela akamgeukia Baba. "Baba, naomba kuuliza. Kuna sufuria inayokataa kupika kwa sababu mpishi ni mwanamume?"

Baba alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka mpaka vumbi la mpingo likamdondoka begani. "Haipo," alisema. "Sie wachongaji tukienda porini kufuata mpingo, tunapikaga wenyewe. Basi, samaki nitakaanga mie. Noela atapika maharage na kukata kachumbari. Mama Erasmo atachemsha ming'oko, mwaka huu apumzike. Erasmo, wewe wali wa nazi."

"Baba!" Erasmo aliruka kutoka kwenye zulia. "Wali? Mie?"

"Kwani huuli?"

Shangazi hakukubali kirahisi. "Sawa, tutaona. Lakini mambo haya yakiharibika, mwakani Noela atapika bila kufungua mdomo."

"Umesikia?" Baba alimuuliza Noela.

"Nimesikia," alijibu. Sasa mambo yake yote yalikuwa mikononi mwa Erasmo, mtu asiyejua hata chumvi inakaa wapi.

Mama alimfundisha Erasmo kwa subira. Alimwonyesha jinsi ya kukuna nazi, na jinsi ya kukamua tui jepesi la kuivishia mchele na tui zito la kumalizia. "Na usisahau hili," alimwambia. "Wali wa nazi haulazwi, huchacha upesi. Upike asubuhi ya safari, siyo kabla." Erasmo alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, ambako mchezaji alikuwa anajiandaa kupiga penalti.

Siku ya mkesha kulikuwa na mechi kubwa jioni, na Erasmo hakutaka kuikosa wala kuamka alfajiri. Mchana, Mama akiwa sokoni, naye Noela akiwa kwa rafiki yake, Erasmo aliingia jikoni akapika. Tuseme ukweli, wali uliiva vizuri, kila punje peke yake, unanukia nazi na iliki. Alionja, akajisifu. Kisha akaujaza kwenye hotpoti ukiwa wa moto, akafunga kifuniko, akausukumia chini ya kitanda chake. Jioni alitazama mechi yake, na usiku akalala fofofo.

Asubuhi Baba na Noela walikuwa uani mbele ya majiko mawili ya mkaa. Baba alikaanga samaki huku akirukaruka kukwepa mafuta, Noela akakoroga tui kwenye maharage bila kuacha mwiko, kwa sababu tui likiachwa hukatika. Mama alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai, ming'oko ikichemka pembeni. Noela hakukumbuka kama aliwahi kumwona mama yake amekaa asubuhi ya sikukuu. Kutoka jikoni ndani zilisikika sufuria zikigongana, kisha Erasmo akatoka amekumbatia hotpoti.

"Tayari!" alitangaza. "Mie fundi, bwana."

Noela aligusa ubavu wa chombo. "Mbona baridi?"

"Hotpoti nzuri haitoi joto nje. Nyie darasa la sita hamjasoma sayansi?"

Noela alimtazama kwa mashaka. Alitaka kufungua kifuniko, lakini nje honi ya kirikuu, kigari cha mizigo alichoazima Baba, ilikuwa inalia, na Shangazi alishapanda na Lulu.

Ufukweni walitandika mikeka. Noela hakungoja kuambiwa. Aliweka sufuria ya maharage kivulini, akaifunika vizuri, akamshika Baba mkono wakaenda. Maji yalipanda magotini, mapajani, kiunoni. Yalikuwa yanasukuma na kuvuta, naye akapiga kelele za furaha. "Lala chali, nimekushika," Baba alisema, mkono wake ukiwa chini ya mgongo wa binti yake. Noela alitazama juu, maji yakaingia masikioni, na kwa mara ya kwanza akahisi mwili wake mwepesi.

"Noela!" Shangazi aliita kutoka kwenye mkeka. "Njoo upakue, mtoto ana njaa!"

Noela alisimama. "Wali ni wa Erasmo, Shangazi!"

Erasmo aliacha mpira akaja. Aliinua kifuniko kidogo, akakirudisha haraka. Harufu kali ya uchachu ilimpanda puani. "Tule samaki kwanza," alisema, uso umembadilika. "Huu wali upumzike."

"Upumzike umefanya kazi gani?" Shangazi alimsogeza pembeni. Siku ile alikuwa na mafua, pua zimeziba, hakunusa kitu. Alimpakulia Lulu sahani iliyojaa, na mtoto akachota tonge.

Erasmo aliona mkono mdogo ukipanda kuelekea mdomoni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusingizia jua, au hotpoti, au safari. Badala yake alipiga kelele: "Lulu, usile!" Akaipiga sahani, wali ukamwagika mchangani.

"Una wazimu?" Shangazi alifoka.

"Umechacha, Shangazi. Utamuumiza tumbo." Erasmo alitazama chini. "Niliupika jana mchana. Asubuhi nilikuwa nagonga masufuria tu ili mdhani napika. Nimewadanganya."

Mama aliweka mkono mdomoni. Shangazi alisimama, akajishika kiuno, akageukia baharini.

"Nilisema mimi! Noela, toka majini! Hayo ndiyo matunda ya mgomo wako. Nenda pale kibandani kwa yule mama lishe ukaombe moto, usonge ugali!"

Watu wa mikeka ya jirani walikuwa wanatazama. Noela aliogopa, asikwambie mtu. Shangazi ni mkubwa, ni damu ya Baba, na tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia neno mbele za watu. Lakini akiitazama ile mikeka, aliiona miaka yote iliyopita akiwa amechutama na sahani.

"Samahani, Shangazi," alisema. "Maharage yangu yako hapo, yameiva. Sitoki."

"Unanijibu?"

"Nakuheshimu, Shangazi. Ila wali si wangu. Nikitoka leo, nitatoka kila mwaka."

Baba hakuondoka ubavuni pake. "Erasmo," aliita, "umemsikia mdogo wako."

Erasmo hakubisha. Alikwenda kwenye kibanda cha Mama Badru, mama lishe wa pale ufukweni. "Shikamoo, mama. Naomba moto, sufuria na unga. Nitakuoshea vyombo vyako vyote."

"Marahaba." Mama Badru alitazama mlima wa sahani chafu, akamtazama mvulana. "Kusonga unajua?"

"Nitajua."

Vijana wawili waliokuwa wakinywa supu waliangua kicheko. "Oya braza, umeolewa?"

Masikio ya Erasmo yalipata moto. "Chekeni tu," alisema, akashika mwiko. "Mdogo wangu ana njaa pale, na kosa ni langu." Alisonga mpaka jasho likamtiririka. Ugali ulimshinda nguvu, ukapata madonge, lakini uliiva. Aliufunika, akaubeba, akapakua mwenyewe, akaanza na Shangazi.

Shangazi alikata tonge, akakutana na donge la unga. "Una madonge," alisema.

"Najua, Shangazi."

Alichovya kwenye maharage ya Noela, akamega samaki wa Baba, akatafuna. Mara akasogeza sahani yake mbele. "Niongezee."

Walikula wote, na ming'oko ikaliwa mpaka wa mwisho. Ndipo Shangazi akarudia lile la nyumbani: "Haya, makubaliano ni makubaliano. Mpango umeharibika, mwakani..."

"Dada, mpango haukuharibika," Baba alimkatiza. "Ulioharibika ni wali."

Mama alifuta mikono. Alikuwa amekaa kimya siku nyingi kuhusu jambo hili, na sasa alizungumza. "Erasmo, uvivu wako ungeweza kumlaza Lulu hospitali. Chakula hakidanganywi, mwanangu. Ukiukwepa uongo jikoni, umewakinga unaowapenda. Lakini umesema kweli kabla mtoto hajameza, na umekwenda kurekebisha kwa mikono yako mwenyewe. Hilo nimeliona." Kisha akamgeukia Shangazi. "Na wewe wifi, huyu binti hana kiburi. Amesema kitu ambacho mie nilipaswa kusema zamani, nikanyamaza nikidhani ndiyo heshima. Chakula cha nyumbani ni kitamu kwa sababu kuna mtu amechoka ili kipatikane. Basi tuchoke kwa zamu, na tufurahi kwa zamu. Noela, ukiona haki yako inapita, iseme hivyohivyo, kwa adabu, wala usiogope."

Shangazi alipenga kamasi, akatazama pembeni. "Basi mwakani kachumbari nitakata mie," alisema. "Lakini vitunguu amenye mtu mwingine."

Erasmo alikusanya sahani bila kuambiwa, akaelekea kwa Mama Badru kulipa deni lake la vyombo. Mama alisimama, akavua viatu, akakaza khanga yake kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi?" Noela aliuliza.

"Miaka yote hii nakuja hapa na bado sijui kama maji haya ni ya moto au ya baridi," Mama alisema. "Nishike mkono."

Waliingia pamoja. Yalikuwa ya baridi, na Mama akapiga yowe kubwa kuliko watoto wote wa ufukwe ule, akaendelea kwenda mbele.